Moyo umefanyiwa operesheni, mtoto amerudi nyumbani. Na masomo yake je?

Mtoto akizaliwa na kasoro ya moyo, jamaa yote inajiuliza kitu kimoja tu: atapona ao atakufa? Ni swali la haki. Lakini kuna swali la pili ambalo huku kwetu, kutoka Bunia hadi Kalemie, halipewi nafasi: yule atakayeishi, atatembea lini? Atasema lini? Akifika kalasi ya kwanza, atafuata na wenzake ao atabaki nyuma? Uchambuzi wetu wa leo unatazama swali hilo la pili, kwa sababu jibu lake linaanza mapema sana, na sehemu yake moja iko mikononi mwa wazazi, wauguzi na walimu.

Tuseme hivi. Mama mmoja wa Kadutu ana mtoto wa miezi minne. Mtoto akishika ziwa, ananyonya kidogo, anaacha, anapumua mbiombio, jasho linamtoka kwenye paji la uso hata asubuhi wakati kuna baridi. Kilo haziongezeki. Jirani anasema ni minyoo. Mwingine anasema maziwa ya mama ni mepesi. Kwenye kituo cha afya wanatibu kikohozi, kinapungua, kinarudi. Siku munganga anaweka sikio vizuri kwenye kifua, anasikia mlio usio wa kawaida, anaagiza ekografi ya moyo. Hapo ndipo jamaa inajua. Wengi wetu tunafikiri habari inaishia kwenye makuta ya operesheni. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Ni kasoro gani hizi?

Duniani kote, kati ya watoto 1000 wanaozaliwa wakiwa hai, karibu 8 ao 9 wanakuwa na kasoro fulani ya moyo. Kongo inapata watoto zaidi ya milioni 3 kila mwaka. Fanya hesabu: hao ni watoto zaidi ya 24 000 kwa mwaka mmoja, nchi nzima. Si ugonjwa wa mbali, ila kwetu watoto wengi wanakufa ao wanakua bila jina la ugonjwa wao kuandikwa popote.

Kasoro si za aina moja. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya moyo. Kuna mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, ukabaki wazi. Hizi zinafanya damu nyingi mno ipite kwenye mapafu. Mtoto hageuki rangi, lakini anachoka na hakui. Halafu kuna zile zinazochanganya damu chafu na damu safi: midomo na kucha zinakuwa za bluu, hasa akilia. Inayojulikana zaidi katika hizo inaitwa tetralojia ya Fallot. Mtoto mwenye ugonjwa huo utamuona anacheza kidogo, kisha anachutama chini mpaka pumzi irudi. Hachezi kwa uvivu. Mwili wake umejifunza wenyewe namna ya kujiokoa.

Tusichanganye na ugonjwa wa moyo unaokuja baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa, ule unaoharibu vali kwa watoto wakubwa na vijana. Huo pia uko huku kwetu, na ni mbaya, lakini mtoto hazaliwi nao.

Sababu mara nyingi haijulikani. Zinazojulikana ni chache: rubeola kwa mama mwenye mimba changa, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, dawa fulani za kifafa, na mabadiliko ya kurithi kama ule wa Down, ambapo karibu nusu ya watoto wanazaliwa na kasoro ya moyo. Hakuna laana hapo. Hakuna mama aliyemtazama mtu vibaya wakati wa mimba.

Moyo na ubongo: ni nini kinaviunganisha?

Hapa ndipo mambo ambayo watu wengi hawajaambiwa. Ubongo wa mtoto unakula oksijeni nyingi kuliko sehemu karibu zote za mwili. Moyo ukifanya kazi vibaya, ubongo ndio unaolipa, tena unaanza kulipa kabla ya kuzaliwa.

Tumboni, damu yenye oksijeni nyingi kutoka kwa mama inaelekezwa kwanza kwenye kichwa cha mtoto. Mishipa mikubwa ikiwa imekaa mahali pasipo pake, ao upande mmoja wa moyo ukiwa mdogo mno, mpango ule unaharibika. Mwaka 2007, watafiti walipiga picha za ubongo wa watoto waliozaliwa na kasoro nzito za moyo, kabla ya operesheni yoyote. Waliona kwamba ubongo wa watoto hao, ingawa walizaliwa baada ya miezi tisa kamili, ulifanana na wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Yaani walikuwa wamechelewa hata kabla kisu hakijawagusa.

Baada ya kuzaliwa, mambo mengine yanajiongeza. Kuna oksijeni kidogo kila siku. Kuna njaa ya ndani: moyo unaokimbia unatumia nguvu nyingi, na mtoto anachoka kabla ya kushiba. Kuna upungufu wa chuma katika damu, ambao peke yake unatosha kuchelewesha akili ya mtoto yeyote. Kuna operesheni yenyewe, ambapo mashine inachukua kazi ya moyo kwa muda. Tena kuna jambo tunalolisahau: miezi mingi kitandani ao mgongoni mwa mama, bila kutambaa, bila kucheza na wengine, kwa sababu kila mtu anasema, “Mumuache, ule ni mugonjwa.” Mtoto ambaye haachwi ajaribu, hajifunzi.

Kwa hiyo akichelewa kukaa ao kutembea, mara nyingi sababu ni zaidi ya moja. Na hiyo ni habari nzuri kidogo, kwa maana zile sababu zote hazina nguvu sawa, na baadhi yake zinaweza kuondolewa bila operesheni.

Wale waliofuatwa kwa miaka 16 wanatufundisha nini?

Katika mji wa Boston, Marekani, watoto 171 waliozaliwa mishipa mikubwa ya moyo ikiwa imebadilishana mahali walifanyiwa operesheni kati ya 1988 na 1992, wakiwa wachanga sana. Waganga walitaka kulinganisha njia mbili za kulinda ubongo wakati wa operesheni. Halafu hawakuwaacha. Waliwapima wakiwa na mwaka 1, miaka 4, miaka 8, na tena 16.

Waliona nini? Wengi wao walikuwa na akili ya kawaida ama karibu na ya kawaida kwa mitihani ya jumla. Ukikutana nao barabarani huwezi kujua kitu. Lakini katika mambo madogo madogo ya kila siku kulikuwa na shida: kupanga kazi yenye hatua nyingi, kukaza akili mahali pamoja, kunakili mchoro, kuelewa mtu mwingine anawaza nini. Walipofika miaka 16, 65 kwa mia walikuwa wamehitaji msaada wa pekee kwa masomo ao kwa tabia. Na zile njia mbili za operesheni? Mwisho hazikutofautiana sana. Maana yake, shida haikutoka kwenye chumba cha operesheni peke yake.

Kutokana na kazi kama hizo, mwaka 2012 shirika la waganga wa moyo la Marekani lilitoa mwongozo: mtoto mwenye kasoro nzito asitazamwe moyo tu. Apimwe pia maendeleo yake kati ya mwaka 1 na 2, kati ya miaka 3 na 5, na tena akiwa na miaka 11 ao 12. Juu ya nini miaka hiyo? Kwa sababu shida nyingine hazionekani mapema. Mtoto wa miaka minne anaweza kuonekana yuko sawa, kisha akakwama kalasi ya tano, pale masomo yanapodai kupanga mawazo.

Tuseme wazi pia, wazazi wasiogope bure: si kila kasoro inaleta haya. Tundu dogo mara nyingi linajifunga lenyewe, na watoto wenye kasoro nyepesi wengi wao wanakua kama wengine. Hatari iko zaidi kwa wale wa kasoro nzito, waliofanyiwa operesheni wakiwa wachanga, wenye rangi ya bluu, waliozaliwa kabla ya wakati ao wenye ugonjwa mwingine wa kurithi.

Na huku mashariki?

Katika nchi tajiri, karibu 9 kati ya 10 ya watoto wenye kasoro hizi wanafika utu uzima. Ndiyo maana huko swali la masomo limekuwa kubwa. Huku kwetu, watu watasema: “Bado tunazika, na ninyi munasema juu ya kalasi?” Tunawaelewa. Lakini sisi tunaona maswali haya mawili yanatembea pamoja, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kuchelewa. Kule, tundu kubwa linafungwa mtoto akiwa wa miezi. Huku mtoto anasubiri miaka. Operesheni kwa watoto wetu mara nyingi ni nje ya mikoa hii: Kigali, Kampala kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ao India kwa wale waliopata mfadhili. Kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa oksijeni kidogo na kilo chache, wakati ule ule ubongo unapojenga msingi wake. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, ndege za abiria zilisimama Goma na Kavumu, mabanki yakafunga milango. Mzazi mwenye faili mkononi akabaki na mipaka ya nchi kavu, karatasi za kusafiria, na makuta ya kukusanya mkono kwa mkono. Vita haipasui moyo wa mtoto, lakini inamfanya asubiri.

Kusubiri kuna bei nyingine. Tundu kubwa lisilofungwa linaweza kuharibu mishipa ya mapafu mpaka kufika mahali ambapo kulifunga ni hatari kuliko kuliacha. Hapo waganga wanasema, “Mumechelewa.” Mtoto wa bluu naye, damu yake inakuwa nzito, inaweza kuganda na kuziba mshipa wa ubongo, ao vijidudu vikapita moja kwa moja mpaka kwenye ubongo na kufanya usaha. Mtoto kama huyo akianza kuumwa kichwa sana, homa, kutapika, ao mkono mmoja kulegea, asipelekwe chumba cha maombi kwanza. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Ya pili ni chakula. Katika Kongo, zaidi ya watoto 4 katika 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa yetu haiko nyuma katika hesabu hiyo mbaya. Mtoto mwenye kasoro ya moyo anaingia katika hali hiyo akiwa tayari na deni. Anaweza kupelekwa kwenye kituo cha lishe, akapewa maziwa na pasta ya karanga, akaongezeka kidogo, akarudi tena baada ya miezi miwili. Watu wanasema mama anauza chakula cha mtoto. Kumbe hakuna aliyesikiliza moyo wake. Kila mtoto anayerudia bwaki ao kukonda bila sababu ya kueleweka anapaswa kusikilizwa kifua kwa makini.

Ya tatu ni shule. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, kalasi nyingi zimejaa. Mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake hawezi kujua kwamba yule wa nyuma, anayesahau kazi na kuchoka saa nne, aliwahi kufanyiwa operesheni. Ataandika kwenye bileti: mvivu. Atarudilia kalasi mara moja, mara mbili, kisha ataacha. Na katika kartiye zetu, mtoto anayechelewa kusema, mwenye midomo ya bluu, anayeanguka akilia, anaweza kupewa jina baya kuliko mvivu. Tukumbushe: sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inaadhibu anayefanya hivyo.

Kuhesabu mioyo tu hakutoshi

Hapa tunataka kusema wazo letu. Mipango inayopeleka watoto nje kwa operesheni inafanya kazi kubwa, na kila mtoto aliyeokolewa ni furaha. Lakini mara nyingi hesabu inaishia kwenye uwanja wa ndege ao kwenye mpaka: watoto kadhaa wameenda, wamerudi, picha imepigwa. Nani anajua kama yule wa miaka mitatu alianza kusema? Nani alimwambia mwalimu? Nani alimpima tena akiwa na miaka 11?

Kufuata mtoto baada ya operesheni hakuombi mashine kubwa. Kunaomba daftari, tarehe, na muuguzi aliyefundishwa maswali machache: anakaa? anatembea? anaunganisha maneno mawili? anacheza na wengine? anahesabu? Likilinganishwa na tikiti ya ndege moja, ni jambo dogo. Tunafikiri kila mpango wa operesheni ungepaswa kuandika ufuatiliaji huo tangu mwanzo, na zone za afya zingepaswa kuudai. Aliyetafuta makuta ya kufungua kifua hawezi kukosa makuta ya daftari.

Yanayowezekana leo

Kwenye maternite, kuna kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni. Kilienea sana wakati wa Covid-19. Kikiwekwa kwenye mkono wa kuume na mguu wa mtoto mchanga baada ya saa 24, kinaweza kuonyesha kasoro nzito kabla hajageuka bluu. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, kwa hiyo namba inaweza kushuka kidogo tu, lakini chini ya 90 si ya kuachia mtoto aende nyumbani bila kumchunguza.

Nyumbani, mtoto alishwe kidogo kidogo mara nyingi. Uji wa soya, mahindi na mtama, sambaza ya kusaga, mayai, maharagi, yote yanasaidia. Chuma kinatolewa kwa ushauri wa munganga. Kwa mtoto wa bluu, damu ikikosa chuma hatari ya kuziba mshipa inaongezeka. Akiharisha, yule wa bluu apewe maji ya chumvi na sukari haraka, asikaushwe. Chanjo zote apate. Meno yasafishwe kila siku, maana vijidudu vya meno mabovu vinaweza kufika kwenye moyo. Akigeuka bluu ghafla na kupumua kwa shida, akunjwe magoti yafike kifuani, atulizwe, kisha mbio hospitali.

Na kwa akili yake: asemeshwe. Aimbiwe. Awekwe chini kwenye mkeka ajaribu kugeuka, kukaa, kushika. Apewe kopo, kijiko, kizibo, kamba ya kuvuta. Hadithi za bibi jioni ni dawa ambayo haiuzwi kwenye famasi. Mtoto wa moyo mwenyewe anajua kupumzika akichoka. Watoto wengi hawahitaji kuzuiliwa kucheza. Muulize munganga wake ni mchezo gani umekatazwa, na usiongeze makatazo yako mwenyewe.

Kwa shule, mzazi aende kuonana na mwalimu mwezi wa kwanza kabisa wa masomo, si siku ya bileti. Amwambie: mtoto wangu alizaliwa na kasoro ya moyo, umweke mbele, umpe kazi kwa vipande vidogo, umuache achutame akichoka, akianza kubaki nyuma, uniite mapema. Mwalimu hapotezi kitu kwa hayo, na watoto wengine kalasini watafaidika pia.

Mwisho, neno kwa akina mama. Wengi wenu mnabeba watoto hawa peke yenu, mkiulizwa mlikosea wapi. Hamkukosea. Mtoto aliyechelewa kutembea kwa sababu ya moyo wake anaweza kufika mbali, akianza kusaidiwa mapema. Mzee mwenye duka ndogo, fundi wa kushona, mwalimu mwenyewe: kati ya watu wazima tunaokutana nao kila siku, wamo waliozaliwa na tundu kwenye moyo. Walikua kwa sababu mtu fulani aliwasubiri, akawafundisha tena leo kile walichoshindwa jana.